Niliwasha Kiberiti, Kumbe Karatasi Zilikuwa za Kiswahili

Leo sina vichekesho. Leo naanza na kosa langu, alafu tuingie kwenye historia, juu historia yenyewe ndiyo iliyonifanya nijue kwamba ni kosa.

Nilikuwa kidato cha tatu. Nyanya alikuwa amelazwa hospitali, na wajomba wakaamua tumtengenezee chumba kabla hajarudi. Tupige rangi, tubadilishe mabati mawili yaliyokuwa yakivuja, tutoe takataka. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati, lile la wanafunzi wa zamani, limeshika kutu. Ndani hakukuwa na pesa. Kulikuwa na karatasi tu, nyingi, za rangi ya chai, zimeandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu. Zilikuwa za baba yake nyanya, mzee aliyetoka Vanga akaja Taveta kufanya biashara na hakurudi tena kwao.

Familia yetu siku hizi ni mchanganyiko. Nyanya anaswali, mama yangu ni wa kanisa, na Krismasi na Idi zote tunakula pamoja. Mjomba alizitazama zile karatasi akarudi nyuma hatua moja. Akasema hayo ni mambo ya uganga, na mgonjwa hawezi kupona akilalia vitu kama hivyo. Nikaambiwa nizichome nyuma ya jikoni pamoja na magunzi ya mahindi. Mimi ndiye niliyewasha kiberiti. Nakumbuka zilishika moto haraka kuliko magunzi.

Ilibaki karatasi moja. Ilikuwa imegandia chini ya sanduku kwa sababu ya kutu, na mimi sikujisumbua kuibandua. Sanduku nikalichukua niwekee vitu vyangu. Nikaenda nalo chuo kikuu, na mwaka wa pili karo iliponishinda nikarudi nalo nyumbani, likiwa limejaa waya na chaja.

Mwaka jana ustadh mmoja wa hapa mjini aliniita nirekodi video za wanafunzi wake wa madrasa. Nikafungua sanduku nitoe waya, akaiona ile karatasi. Akainama, akasoma kimya, midomo ikisogea. Nikamwambia, "Ustadh, hicho ni Kiarabu cha babu yetu wa zamani, hata sijui kinasema nini."

Akacheka. "Hiki si Kiarabu, kijana wangu. Hiki ni Kiswahili."

Nitakuambia karatasi ilisema nini. Lakini kwanza lazima uelewe kwa nini mtu kama mimi, niliyepata alama nzuri ya Kiswahili kwenye mtihani wa kitaifa, nilishindwa hata kujua kwamba kilichoandikwa pale ni lugha yangu.

Shuleni wengi wetu tulitoka na picha moja: Kiswahili kilikuwa cha mdomo tu, alafu Krapf akaja na kalamu. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaandika sarufi, akaandika kamusi iliyochapishwa London mwaka 1882. Hayo yote ni kweli. Kilichokosekana kwenye hiyo picha ni kwamba alipofika alikuta watu wanaandikiana barua.

Barua za zamani zaidi za Kiswahili ambazo zinajulikana kuwepo hadi leo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu. Unajua ziko wapi? Goa, India, kwenye nyaraka za Wareno. Miaka 133 kabla ya Krapf kukanyaga Mombasa, mtu wa Kilwa aliketi akaandika Kiswahili kuhusu mambo ya siasa, akaamini kwamba upande wa pili kutakuwa na mtu wa kukisoma.

Songa kidogo hadi mwaka 1728. Kisiwa cha Pate, kule Lamu, mshairi anayeitwa Mwengo bin Athumani anamtungia sultani wa Pate utenzi mrefu sana wa vita, ule tunaouita Utendi wa Tambuka au Chuo cha Herekali. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham anamwandikia binti yake utenzi wa mawaidha ambao mpaka leo unasomwa. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema kuandika kulikuwa kwa wanaume peke yao, mtajie jina hilo. Na pale Siyu, karibu na Pate, mafundi walikuwa wananakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa rangi, kazi ya karne ya 18 na 19 ambayo leo majumba ya makumbusho yanaionea fahari.

Lakini usidhani yote yalikuwa mashairi na dini. Watu waliandika nani anadaiwa, nani ameuza shamba, nani ameoa kwa mahari gani, dawa gani inatibu homa. Vitu vya kawaida kabisa, kama venye wewe unaandika kwenye simu.

Mfumo wenyewe ulikuwa na vituko vyake. Kiarabu hakina herufi ya p, wala ch, wala v. Alama za irabu ni tatu, wakati sisi tuna irabu tano, kwa hivyo i na e zilitumia alama moja, na u na o zikatumia alama moja. Waandishi wa zamani wengi walitumia herufi ya b kwa p pia. Maana yake "pipi" na "bibi" zinaweza kuandikwa sawasawa. Msomaji ndiye anayeamua kwa kuangalia sentensi: kama mtoto anailamba, hiyo ni pipi. Baadaye wengine waliongeza nukta ili kutofautisha sauti hizo, lakini hakukuwa na mtindo mmoja kwa kila mtu.

Unaweza kusema basi mfumo ulikuwa mbovu. Mimi nasema angalia jumbe zako za usiku. Tunaandika "ss" tukimaanisha sasa, "xaxa" tukimaanisha kitu hichohicho, na hakuna anayepotea. Msomaji anayejua lugha hujaza yaliyobaki. Ndiyo maana zile karatasi zilihitaji mtu anayejua vitu viwili: herufi, na Kiswahili chenyewe. Ukijua herufi bila lugha, utaona Kiarabu kibovu. Ukijua lugha bila herufi, utaona uganga.

Sasa, herufi hizo zilitutokaje?

Hakuna siku moja iliyozimaliza. Krapf kwenye kitabu chake cha mwaka 1850 alitetea herufi za Kilatini, na moja ya sababu zake ni kwamba herufi za Kiarabu zingeusaidia Uislamu kuenea. Alisema waziwazi. Na huyohuyo Krapf ndiye aliyekusanya miswada ya mashairi, ukiwemo ule wa Herekali, akaipeleka Ujerumani. Mtu mmoja, mkono mmoja unahifadhi, mwingine unafunga mlango.

Kisha wamisionari wakapanda huku kwetu. Mwenzake Krapf, Rebmann, alipita Taita mwaka 1848, mwaka uleule alioiona theluji ya Kilimanjaro. Wray alifika Sagalla miaka ya 1880, na mwaka 1894 kikatoka kitabu chake cha kujifunza Kitaita. Hapa Taveta, mwaka 1895, misheni ya CMS ilianza kutoa jarida lake, Taveta Chronicle. Jarida, hapa hapa, wakati reli ya kutoka Mombasa ilikuwa bado haijafika hata Voi! Ni kitu cha kujivunia. Lakini ona venye ilivyokuwa: misafara ya watu wa pwani ilikuwa ikipita na kupumzika Taveta tangu zamani, na katika watu hao walikuwepo waliojua kuandika Kiswahili kwa herufi zao. Mashine ya kuchapa ya misheni, na shule zilizofuata, zikaja na herufi nyingine. Anayeenda shule anajifunza Kilatini. Asiyeenda anahesabiwa hajui kusoma, hata kama anasoma kila siku.

Na hii ndiyo sehemu inayoniuma. Mwaka 1892, Carl Büttner alichapisha Berlin kitabu kizima cha barua na maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ili Wajerumani wanaojiandaa kuja huku wajifunze kuyasoma. Yaani zaidi ya miaka 130 iliyopita, kijana wa Berlin alikuwa anafundishwa kusoma kile ambacho mimi wa Taveta nilikichoma.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na vitabu vya shule vikafuata, vyote kwa Kilatini. Hata hivyo watu hawakuacha kuandika kwa herufi za kale mara moja. Mwaka 1930, palepale Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akitoa karatasi yake ya Kiswahili iitwayo Sahifa kwa herufi za Kiarabu. Babu yetu wa Vanga alikuwa wa kizazi hicho. Hakuwa mtu wa kale sana. Alikuwa baba wa nyanya yangu.

Kuna watu wengine duniani ambao hadithi yao inafanana na hii, ila yao ina mwali mkubwa zaidi. Ni Wameitei wa Manipur, kaskazini mashariki mwa India, karibu na Myanmar. Walikuwa na vitabu vyao vya mkono vinavyoitwa puya, vyenye dini yao ya asili, habari za wafalme, dawa, nyota, ukoo. Waliviandika kwa herufi zao wenyewe, Meitei Mayek. Karne ya 18 mfalme wao Pamheiba alifuata dini ya Kihindu, akaamuru puya zikusanywe zichomwe. Wengi wanautaja mwaka 1729. Piga hesabu: mwaka mmoja tu baada ya Mwengo kutunga utenzi wake Pate. Herufi za Kibengali zikachukua nafasi ya herufi zao, na kwa vizazi vingi Mmeitei wa kawaida akawa hawezi kusoma puya zilizosalia, ingawa lugha yake ya nyumbani ni ileile.

Hapo ndipo niliposhtuka. Wao walikuwa na mfalme na amri. Sisi hatukuamriwa na mtu tuchome. Na bado tumefika mahali pamoja nao: unashika maneno ya babu yako mkononi na huwezi kuyasoma.

Wameitei walipigania herufi zao zirudi, na zimerudi. Zinafundishwa shuleni, na tangu mwaka 2023 magazeti ya lugha hiyo yameanza kuchapishwa kwa Meitei Mayek. Lakini njiani kulitokea kitu ambacho nataka ukijue pia. Aprili 2005, wanaharakati waliokuwa wakidai herufi hizo walichoma maktaba kuu ya jimbo la Manipur. Vitabu zaidi ya laki moja viliteketea. Watu wanaolia kila mwaka kwa ajili ya vitabu vilivyochomwa wakachoma vitabu.

Kwa hivyo usinisikie vibaya. Sisemi turudi tuandike kila kitu kwa herufi za Kiarabu, wala sina vita na Kilatini. Posti hii naiandika kwa Kilatini, na bila hicho hungeisoma. Vitabu vya wamisionari navyo ni vyetu sasa. Ninachosema ni kimoja: tuna maandishi mengi ya Kiswahili ambayo sisi wenye Kiswahili hatuwezi kuyasoma, na kitu usichoweza kusoma ni rahisi sana kukichoma. Hakihitaji mfalme. Kinahitaji mjomba mwenye wasiwasi na mvulana mwenye kiberiti.

Kila tarehe 7 Julai tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani, tunavaa kanga, tunatumiana methali. Sawa, mimi pia huwa nafanya video. Ila sherehe ya lugha ambayo nusu ya kabati lake tumelifunga na ufunguo tumeutupa, manze, ina walakini.

Sasa turudi kwenye karatasi.

Sehemu kubwa ilikuwa madeni. Fulani anadaiwa marekani dhiraa kadhaa, fulani chumvi, fulani ameleta ndizi kupunguza deni. Ustadh alisoma polepole, kidole kikifuata mstari kutoka kulia. Karibu na mwisho alisoma, "Nimebata..." akasimama, akacheka peke yake. "Hapana. Nimepata. Nimepata binti." Ilisema amezaliwa usiku wa kuamkia Ijumaa, mwezi wa Rajabu, mwaka 1361, na jina alilopewa. Jina la nyanya yangu.

Tukageuza tarehe kwenye simu. Ni katikati ya mwaka 1942. Kitambulisho cha nyanya kinasema tarehe 1 Januari 1945, kwa sababu siku ya kuandikishwa hakuna aliyejua, wakamkadiria. Nyanya ameishi maisha yake yote bila kujua siku yake. Tukimuuliza umri alikuwa anajibu, "Niulize mvua, mimi sijui."

Nilimpelekea ustadh nyumbani akamsomea mwenyewe. Nyanya alikuwa ameketi kwenye mkeka, anachambua mchicha. Mikono ikasimama. Akaomba asomewe mara ya pili. Akapiga hesabu kwa vidole, akaniambia, "Basi mume wangu, umeoa mzee kuliko ulivyodhani." Tukacheka wote.

Alafu akauliza, "Na zile nyingine zinasemaje?"

Wajomba walikuwa wamemwambia panya waliharibu. Miaka yote hiyo aliamini ni panya. Nikamwambia ukweli, nikiangalia chini. Alikaa kimya mpaka ustadh akaanza kukohoa. Nyanya alizaliwa katika watoto saba. Wanne walifariki wadogo, na yeye ndiye wa mwisho anayeyakumbuka majina yao, siku zao hazikumbuki. Mzee aliyeandika siku ya mmoja hakukosa kuandika ya wengine. Zilikuwa kwenye moto wangu.

Mwishowe akasema, "Kumbe mmewasamehe watu madeni mengi." Akarudi kwenye mchicha. Nilipomuuliza kama amekasirika hakunijibu, na sijamuuliza tena.

Kwa hivyo naomba kitu, hasa kwa wewe mwenye nyanya au babu ambaye bado yuko hai, uwe Taveta, Voi, Mwatate, Wundanyi, Kwale, popote.

Kama kuna sanduku, usilifungue peke yako. Lifungue na mwenyewe akiwepo, umuulize ni za nani na zilitoka wapi. Uyaandike majibu yake sikuhiyohiyo.

Ukikuta karatasi usizozielewa, usizigundishe kwa selotepu, usizianike juani. Zipige picha mchana penye kivuli chenye mwanga, mbele na nyuma, hata zile tupu. Simu yako inatosha.

Mtafute mtu wa kuzisoma. Ustadh wa mtaa anaweza kuwa mwanzo mzuri, lakini mwambie ajaribu kuisoma kama Kiswahili. Kama mzigo ni mkubwa, kuna watu wa makumbusho pale Fort Jesus Mombasa na kule Lamu ambao mambo ya kale ndiyo kazi yao.

Na kama huna sanduku, fungua simu. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni kupitia Maktaba ya Uingereza. Chuo cha SOAS cha London kina miswada mingi ya Kiswahili, zikiwemo karatasi za mmisionari Taylor, aliyesaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa kuhifadhi mashairi ya Muyaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina miswada ambayo J.W.T. Allen aliizunguka pwani kuikusanya. Ingia uangalie mwandiko tu, hata kama husomi. Uone watu wetu walivyokuwa wakikunja mkono.

Mimi nimeanza kujifunza herufi kwa yule ustadh, Jumamosi jioni soko likishatawanyika. Namlipa kwa kumhariria video. Nakaa kwenye mkeka na watoto wa miaka saba, na wananicheka juu wananishinda. Wiki iliyopita nilisoma mstari mzima wa karatasi ya babu bila kusaidiwa. Ulikuwa unasema mtu fulani amelipa nusu, na nusu atalipa akivuna.

Nikampelekea nyanya nimsomee. Akauliza ni nani huyo. Nikamtajia jina. Akasema, "Huyo? Hakulipa mpaka akafa."